Spika ya Mlango wa Kushoto

Wiki mbili zilizopita nilikuwa gereji moja mjini Kisii, nimesimama kando huku fundi akiung'oa ubao wa ndani wa mlango wa gari langu. Spika ya upande ule ilikuwa imeanza kukohoa kila mwimbaji aliposhuka kwenye sauti nzito. Fundi aliichomoa, akaipuliza vumbi, akaniwekea mkononi. Ule ukingo wa sponji unaozunguka karatasi yake ulimeguka papo hapo ukawa unga mweusi kwenye kiganja changu. Nikaunusa. Fundi akacheka, akaniuliza kama kwetu spika huwa tunazila.

"Imekatwa ama imezeeka?" nikamwuliza.

"Imezeeka tu, madam. Sponji inakauka, inapasuka, halafu hii karatasi inaanza kugonga chuma. Nani anaweza kata spika? Ya nini?"

Ya nini, mimi najua. Harufu ile ya sponji iliyooza, gundi kuukuu na unyevu wa ndani ya mlango ilikuwa imeshanirudisha nyumbani kwetu, kwenye mashamba ya chai karibu na Nyacheki, nikiwa na miaka tisa na wivu wa kuwatosha watu wazima watatu. Nilimwomba anifungie ile spika mbovu kwenye gazeti, nikaondoka nayo.

Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii, alikuwa mkulima wa chai na ndizi siku sita za wiki, na siku ya saba alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Wasabato. Hakusomea muziki popote. Alikuwa na sikio tu, na watu walisema sikio lake lingeweza kumtoa mwimbaji mmoja aliyepotoka kati ya arobaini. Umeme haukuwa umefika kijijini, na redio yetu ya nyumbani ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo chombo cha kusikilizia kwaya kilikuwa gari lake, gari jeupe la zamani lililopeleka ndizi soko la Ogembo siku za kazi na kuoshwa kila Ijumaa mchana mpaka kutu yenyewe ikang'aa. Lilikuwa na redio ya kaseti na spika nne, mbili kwenye milango ya mbele na mbili nyuma, kwenye ubao ulio chini ya kioo, zilikopigwa na jua mchana kutwa.

Kila Ijumaa, jua likiwa bado juu kidogo na Sabato haijaingia, Tata aliliegesha gari mteremkoni, chini kidogo ya nyumba, akatia kaseti aliyoirekodi kwaya ikiwa mazoezini, akaketi nyuma ya usukani kusikiliza. Alitafuta makosa ya waimbaji, lakini kabla ya waimbaji alizikagua spika zenyewe. Alisema spika ikianza kuchoka humsingizia mwimbaji asiye na kosa, na mwalimu asiyejua spika zake atamfokea mama wa watu bure. Kwa hiyo aligeuza kitufe cha kuhamisha sauti upande wa kushoto, akasikiliza, akakigeuza kulia, akasikiliza, akapeleka sauti mbele na nyuma. Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Aliifanya na Moraa.

Moraa alikuwa mtoto wa baba mkubwa, kaka yake Tata. Wazazi wake walipofariki aliletwa kwetu, akiwa na miaka kumi na mmoja, na begi moja, na viatu vizuri kuliko vyangu. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yako kamili. Niliambiwa dada yako amekuja, nisogee kitandani, na nikasogea, lakini moyoni sikusogea hata kidogo. Nilikuwa nimezoea kuwa msichana pekee katika nyumba ile.

Halafu kulikuwa na suala la jina. Nyanya yetu, mama mzazi wa Tata, aliitwa Moraa, na mtoto aliyepewa jina la marehemu hubeba na heshima yake. Kwa hiyo Tata alimwita yule msichana "mama." Mbele ya watu, sokoni, kanisani: "Mama, umekula? Mama, hebu njoo." Wageni walicheka kwa furaha wakisema nyanya amerudi. Mimi nilipewa jina la shangazi ya mama yangu, ambaye hakuna aliyemkumbuka kwa lolote isipokuwa kwamba alipenda ugoro. Hakuna aliyeniita shangazi. Niliitwa Kwamboka, na mara nyingi niliitwa ili nikaoshe sufuria.

Ijumaa basi Moraa aliketi kiti cha mbele, kushoto kwa Tata, goti lake likiwa karibu kuigusa spika ya mlango. Mimi nikiruhusiwa kuingia niliketi nyuma, upande wa kulia, nikitazama kisogo cha baba yangu. Yeye na Moraa walisikiliza, kisha Tata akainamisha kichwa kwake, naye akamsemesha sikioni, taratibu, na Tata akatikisa kichwa kukubali au akacheka. Walikuwa na siri, hilo nililijua, na siri ile iliniwasha mwili mzima. Nilipotaka kusema neno nililazimika kumwita mara tatu. "Tata. Tata! Tata!" Kisogo hakigeuki. Ndipo Moraa akamgusa mkono na kumwambia, "Tata, Kwamboka anakuita." Tata akageuka mzimamzima, akiwa ameshtuka, "Ee, nini?" Na mimi, niliyekuwa na jambo zuri la kusema dakika moja iliyopita, nikasema hakuna kitu. Nani angependa kufikishiwa salamu kwa baba yake mwenyewe na mtu aliyekuja jana na begi moja?

Baada ya muda nikaacha hata kuingia garini. Nilijibanza kwenye migomba iliyokuwa hatua chache kutoka hapo, nikawasikiliza wanaosikiliza. Huko ndiko nilikojifunza yote ninayoyajua kuhusu spika, maana Tata alimfundisha Moraa kwa bidii kana kwamba alikuwa akimrithisha shamba.

"Spika haifi siku moja," alimwambia. "Kwanza inapoteza sauti nyembamba. Utaona soprano wanaimba kama wamefunikwa blanketi. Halafu utajikuta unaongeza sauti, leo kidogo, wiki ijayo kidogo, na unafikiri kwaya ndiyo imelegea. Halafu besi zinaanza kukwaruza. Ikikwaruza ukiwa umefungua sana, punguza, bado ina maisha. Ikikwaruza hata ukiwa umefungua kidogo, hiyo imeisha, badilisha."

"Na ikinyamaza kabisa?"

"Ikinyamaza angalia waya kwanza. Usimzike mtu aliyelala."

Moraa alicheka. Nami kule migombani nilitamani kucheka, kwa sababu ilichekesha, lakini nilijizuia.

Kulikuwa na jambo jingine walilozoea kusema, ambalo nililichukulia kuwa mchezo wao wa siri. Tata aligeuza kitufe kulia, akasikiliza kwa muda, kisha akasema, "Upande wa kulia bado umelala, mama." Na Moraa akamjibu polepole, "Uko macho, Tata. Unaimba vizuri." Tata akarudisha kitufe katikati. Kila Ijumaa maneno yale yale. Nilijaribu kuyasema peke yangu nikiwa naokota kuni, nikiigiza sauti zote mbili, nisione utamu wake uko wapi.

Ulipokaribia mwezi wa nane, makambi yakaanza kuongelewa. Kwa asiyejua, makambi ni wiki ile Wasabato wa eneo zima hukusanyika kwenye uwanja mmoja, chini ya mahema, kuomba, kuhubiri na kuimba, na kila kanisa huleta kwaya yake. Hakuna anayesema kuwa ni mashindano, lakini muulize mtu yeyote kwaya gani iliimba vizuri mwaka gani, atakwambia bila kufikiri. Tata aliiandaa kwaya kuanzia Aprili. Alipunguza kula. Alikuwa akichuma chai huku midomo ikicheza. Mama alimwambia ataolewa na kwaya, naye akasema tayari ameshalipiwa mahari.

Mimi nikaona nafasi yangu. Akili yangu ya miaka tisa ilinipa mpango ambao hadi leo naona ulikuwa na mantiki. Tata alimpenda Moraa kwa sababu Moraa alikuwa na sikio. Basi ikitokea spika iharibike, na Moraa asisikie, na mimi nisikie wa kwanza, nani ataitwa kiti cha mbele? Alhamisi Tata akiwa amepeleka majani kituo cha chai na mama akiwa shambani, niliingia garini na wembe wangu wa kuchongea penseli. Nilikibandua kifuniko cha spika ya mlango wa kushoto kwa kucha, jinsi nilivyomwona Tata akifanya. Niliichagua ile makusudi, ili Moraa apitwe na kitu kilicho gotini pake. Nilikata sponji kwenye ukingo, urefu wa kidole changu cha mwisho. Ilikatika kwa urahisi, laini, na harufu ikatoka. Nikarudisha kifuniko nikaenda kuteka maji, nikiimba.

Ijumaa asubuhi mjomba wake Moraa akaja kutoka Nyamira. Nyanya yao wa huko alikuwa mgonjwa na alitaka kumwona mjukuu wake. Kabla ya saa nne Moraa alikuwa ameondoka na begi lake, na mimi nikabaki na spika iliyokatwa na hakuna wa kumshinda.

Mchana Tata aliosha gari. Akaliegesha pale pale. Akatoka, akatazama huku na huku, akaniona nimekaa mlangoni pa jikoni.

"Kwamboka. Inchwo."

Njoo, yaani. Akapiga kiti cha mbele kwa kiganja.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Niliufuta unyayo mmoja juu ya mwingine kabla ya kupanda. Kiti kilikuwa na joto la jua, na kutoka pale uliona usukani, redio na uso wa Tata wote, sio kisogo. Alikuwa na bisibisi mapajani. Alinitazama kama mtu anayefikiria kama anaweza kuniazima kitu, kisha akaweka kaseti.

Kwaya ikaimba. Walikuwa wazuri, hata mimi nilisikia. Sauti ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, na besi walipoingia spika ya mlango ikatoa mkwaruzo, kirrr, gotini pangu. Tata akakunja uso. Akapunguza sauti. Besi wakaja tena, mkwaruzo nao ukaja. Akapunguza zaidi. Akarudisha kaseti nyuma, akainamisha kichwa kwangu kama alivyokuwa akikiinamisha kwa Moraa, sikio la kushoto karibu na mdomo wangu, nikaona mvi mbili tatu na sabuni iliyokaukia nyuma ya sikio.

"Besi zinakwaruza," akasema. "Wewe unasikia? Kama ni spika niambie, niitoe sasa hivi niangalie." Na mkono wake ukashika bisibisi.

Kuiangalia. Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika mpango wangu wote nilijiona nikitangaza, nikasifiwa, nikahamia kiti cha mbele. Sikuona hata mara moja spika ikitolewa nje kwenye mwanga na mkato wa wembe ukionekana wazi, mrefu kama kidole cha mwisho cha mtoto.

"Hapana, Tata," nikasema. "Haikwaruzi."

"Sikiliza tena."

Akairudia. Kirrr.

"Umesikia?"

"Nasikia besi tu. Iko sawa."

Sikuwa na sababu ya kudanganya ambayo angeweza kuidhania. Akairudisha bisibisi kwenye mfuko wa mlango, akazima redio, akaketi mikono ikiwa juu ya usukani ingawa hatukuwa tunaenda popote. Kisha akanishukuru. Alisema, "Asante, mama yangu," na ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo, na nililipata neno hilo siku ambayo sikustahili hata kuitwa kwa jina langu.

Kesho yake kanisani, kabla ya kwaya kusimama, Tata alisimama yeye peke yake. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Alisema ana jambo fupi. Alisema sikio lake la kulia lilikuwa limekufa yapata miaka miwili, na kwamba alikuwa amelificha kwa sababu la kushoto lilitosha na kwa sababu aliipenda kazi hii. Alisema mtoto mmoja nyumbani kwake ndiye aliyejua, na mtoto huyo alikuwa amemsaidia. "Lakini jana la kushoto nalo limeanza," akasema. "Limeanza jinsi lile jingine lilivyoanza, kwa kukwaruza. Nimehakikisha. Siwezi kuwapeleka makambi nikiwa sisikii. Tafuteni mwalimu mwingine mapema."

Akina mama wakaanza kulia. Mimi niliketi katikati yao na kila kitu kilikuwa kikigeuka mbele yangu. Kisogo kisichogeuka nilipoita kutoka nyuma upande wa kulia. Kiti cha kushoto. Moraa anayeongea sikioni taratibu. Upande wa kulia umelala, mama. Uko macho, Tata. Haukuwa mchezo wala siri ya upendeleo. Kila Ijumaa mtu mzima alikuwa anatumaini kuwa spika ndizo zinazokufa, na msichana wa miaka kumi na mmoja alikuwa anamwambia ukweli kwamba ni sikio lake. Na mtu huyo huyo alipouliza mara moja zaidi, akiwa tayari na bisibisi, spika ilikuwa imeharibika kweli, na mtu wa kumwambia hivyo nilikuwa mimi.

Neno moja lingetosha. Ningeweza kusimama pale pale, au nikamfuata nje, au nikamwambia jioni. Makambi yalikuwa wiki mbili mbele na kwaya ingemrudia Tata siku hiyo hiyo. Nililibeba neno lile wiki mbili kama mtu anayebeba kaa mdomoni. Moraa aliporudi kutoka Nyamira na kusikia habari, alilia kuliko mimi, na hata kilio chake nilikionea wivu, maana hakikuwa na lolote la kuficha. Alimsihi Tata wasikilize pamoja. Tata alikataa kuiwasha redio ya gari. Alisema imetosha.

Makambini kwaya yetu iliongozwa na kijana mmoja mwalimu wa shule, mwenye mikono mirefu na tai nyekundu. Tata aliketi nyuma kabisa ya hema, Moraa kushoto kwake, mimi kulia nisikosikika. Kwaya ikaanza. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Besi walipoingia niliona Tata akishtuka. Akageuza kichwa, akawaelekezea sikio la kushoto. Besi wakashuka mpaka chini kabisa, pale walipokuwa wakikwaruza, wakapita safi. Tata akageuza tena. Akafumba macho. Wimbo ulipoisha watu walisema amina, yeye hakusema. Alikuwa akitazama mikono yake.

Jumatatu alitupakia mimi na Moraa garini tukaenda Ogembo, kwa Bwana Hamisi. Bwana Hamisi alikuwa na duka la redio karibu na soko, mtu wa kofia nyeupe, ambaye familia yake ilifanya biashara pale tangu zamani, na ambaye Kiswahili chake kilitiririka hadi tukaona aibu kufungua midomo.

"Karibu Mwalimu, karibu sana. Nasikia mmeimba makambi."

"Wameimba. Mimi nilikaa tu," Tata akasema. "Bwana Hamisi, angalia hii spika ya mlango. Nataka kujua kama iko mgonjwa ama ni masikio yangu iko mgonjwa."

Bwana Hamisi alipiga magoti, akafungua. Aliitoa nje kwenye mwanga, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Kidole kikasimama.

"Masikio yako hayana neno, Mwalimu. Spika hii inakwaruza." Akaisogeza karibu na macho. "Lakini haikuzeeka. Ya kuzeeka ungeona sponji inameguka pande zote, inatoka vumbi. Hii ni nzima mzunguko mzima isipokuwa hapa. Hapa imekatwa. Na kitu chenye makali, wembe labda. Una panya wanaonyoa ndevu?"

Tata aliipokea spika. Akaupima ule mkato kwa kidole chake, kisha kidole kile kikaondoka kwenye spika na macho yake yakanijia. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua wa Moraa ulikuwaje, kwa sababu nilimtazama yeye badala ya kumtazama baba yangu, na niliona kwamba naye ameelewa.

"Badilisha," Tata akamwambia Bwana Hamisi. Basi.

Nilingoja. Niliingoja fimbo njia nzima, na niliitaka. Spika mpya ilipokwisha kufungwa alifungua mlango wa kushoto, akaniambia, "Kaa mbele." Moraa akaingia nyuma. Tulirudi nyumbani mimi nikiwa kwenye kiti kile nilichokililia mwaka mzima, spika mpya ikiimba gotini pangu, na Tata hakuniuliza kama inaimba vizuri. Tulipofika nusu ya njia alisema, "Mama, inasikika vipi?" Nikafungua mdomo. Lakini Moraa alikuwa ameshajisogeza katikati ya viti viwili, akaweka mdomo sikioni pake, akamwambia. Kuanzia siku ile kiti kilikuwa changu. Sikio lilibaki la Moraa. Kwaya ilibaki kwa yule kijana wa tai nyekundu, kwa sababu Tata hakuwa mtu wa kuomba arudishiwe kitu alichokiachia mbele ya kanisa zima. Hakunigusa, hakunikaripia, na hakuwahi kuniuliza. Wakati mwingine nadhani angeniuliza hata mara moja ningelia nikamwambia. Wakati mwingine najua ningedanganya tena.

Sabato iliyopita nilienda nyumbani na ile spika yangu kwenye gazeti. Tata ni mzee sasa. Sikio la kushoto nalo limechoka, kweli safari hii, kwa umri, na sauti anayoisikia vizuri ni ya Moraa peke yake. Anaishi Nyamira na wanawe, lakini kila Sabato ya pili huja, anaketi kwenye kigoda kushoto kwa kiti cha Tata pale uani, na anajua namna ya kuongea naye. Sisi wengine tunapiga kelele na Tata anatabasamu kwa adabu tu. Nilipoingia uani niliwakuta wakicheka, vichwa vimekutana. Nina miaka inayokaribia arobaini, nina watoto, nina gari langu mwenyewe, na niliwaonea wivu pale pale getini hadi nikaona aibu.

Nilimwekea Tata ile spika mapajani. Aliitazama, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, sponji ikabaki imemegukia suruali yake.

"Hii imezeeka vizuri," akasema kwa sauti kubwa, ile ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Pande zote."

Nikamgeukia Moraa. "Mwambie," nikaanza. "Mwambie ile ya zamani..."

Moraa akainuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Mwambie wewe," akasema. "Kaa hapa. Ongea polepole na sauti ya chini. Usipige kelele, kelele humchanganya."

Niliketi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Kisii, ya wivu, ya wembe, ya kwaya, ya kuomba msamaha. Tata akainamisha kichwa, sikio likaja karibu na mdomo wangu, mvi tupu sasa, na sabuni imekaukia nyuma yake kama zamani. Maneno yote yakanitoroka, nikabaki na jibu la lile moja tu aliloniuliza siku ile garini.

"Nasikia, Tata," nikamwambia. "Inakwaruza."

Hakusogea. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia. Ndipo mkono wake ukatafuta wangu, ukaushika, na kichwa chake kikatikisika taratibu, jinsi kilivyokuwa kikitikisika kwa Moraa.

"Basi," akasema, "lete bisibisi."